Shangazi Kashika Vazi

Katikati ya Julai 2015 redio ilitangaza kuwa Benson Wanjau amefariki dunia. Nilikuwa kibarazani, Kisauni, pamoja na jirani yangu, mzee wa Siaya aliyekuja Mombasa kwa kazi ya bandari na hakurudi tena kwao ila kwa mazishi. Alikuwa akinywa chai. Akaniuliza, "Wanjau ndiye nani?" Nikamwambia ni Mzee Ojwang'. Akakiweka kikombe chini, akanyamaza, kisha akauliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyegundua kuwa mfuko wake ulichanwa zamani: "Ojwang' ni Wanjau?"

Ndiye. Mzee Ojwang' Hatari wa Vitimbi, Mjaluo aliyejulikana pengine kuliko Wajaluo wote wa runinga ya Kenya, alikuwa Mkikuyu. Na mkewe wa kipindini, Mama Kayai, yaani Mary Khavere, ni Mluhya. Ile nyumba ya Kijaluo iliyokuwa ikiingia sebuleni mwetu tangu miaka ya 1980 ilisimamishwa na watu wawili ambao Dholuo haikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Jirani yangu aliwatazama zaidi ya robo karne bila kushuku, naye ndiye mwenye lugha. Mimi nilidanganyika pia, lakini kudanganyika kwangu hakuhesabiki. Nilikuwa nikijua nini? Kudanganyika kwake yeye ndiko shahada ya Wanjau.

Tangu siku ile namfikiria Wanjau kama nimfikiriavyo fundi wa milango ya Lamu. Wengine huona mlango. Mimi siku hizi natafuta patasi imepita wapi.

Kwanza hadhira. Vitimbi kilianzia Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka KBC, na mpaka KTN ilipoingia hewani mwaka 1990 nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya runinga. Ukiwasha, ni hiyo, ukichoka, zima. Mwigizaji wa London akijifanya Mdenmaki mbele ya Waingereza, Wadenmaki ukumbini ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wanjau hakuwa na kivuli hicho cha kujificha. Aliigiza Ujaluo mbele ya Wajaluo wenyewe, wa Kisumu, wa Migori, wa Kaloleni ya Nairobi, kipindi baada ya kipindi, kila mmoja wao akiwa na sikio lililofunzwa na bibi yake. Na wakati huohuo ilimbidi mtu wa Lamu na mtu wa Lodwar wamwelewe, maana kipindi kilikuwa cha Kiswahili, si cha Dholuo. Akizidisha, kinapotea Kiswahili. Akipunguza, anapotea Ojwang'.

Sasa tuingie kinywani.

Nimetunga sentensi mbili za kupimia. Ya kwanza: "Leo dada analala." Ya pili: "Shangazi kashika vazi zuri." Hazina utamu wowote, lakini kila moja ni mtego uliotegewa mtu wake.

Gĩkũyũ haina l kama ya Kiswahili. Ina r tu. Na sauti za b, d na g hazipendi kutoka peke yake, hutangulizwa na sauti ya puani. Kwa hiyo kinywa kilicholelewa kwa lugha hiyo, kisipochunga, sentensi ya kwanza huitoa hivi: "Reo ndanda anarara." Mjaluo hapo hana shida hata kidogo. Dholuo ina l yake na r yake, kila moja na kiti chake, na d yake husimama bila kushikwa mkono na n. Hupita kwenye sentensi hiyo kama ngalawa kwenye maji makuu.

Ya pili ndiyo inayomngoja yeye. Dholuo haina sh, haina z, haina v. Kwa hiyo: "Sangasi kasika fasi suri." Mkikuyu naye ana namna zake za kujikwaa kwenye sentensi hii, ila si hizo, z yake, kwa mfano, haikimbilii palepale inapokimbilia ya Mjaluo.

Haya, mweke sasa Mkikuyu amwigize Mjaluo. Sentensi ya kwanza aipite safi kabisa, pale ambapo ulimi wake wa kuzaliwa unaweza kumvuta. Ya pili aanguke, tena aanguke kwa mwanguko wa mwenzake, si wake. Akiacha "rakini" moja tu iponyoke mahali pa "lakini", mzee wa Siaya atageuza shingo kabla hata hajajua amesikia nini. Watu hudhani kuigiza lafudhi ni kuongeza: unachukua maneno yako, unayapaka rangi ya watu. Nusu ya kwanza ya kazi ni kuvua, na hakuna apigaye makofi kwa kilichovuliwa, kwa sababu hakuna akionaye. Hakuna aliyewahi kumsifu Wanjau kwa l zake. Nazo ndizo zilizokuwa zikishikilia paa.

Na hapo bado hatujafika kwenye kina. Dholuo ina t na d za ufizini, halafu ina nyingine za menoni, zile zinazoandikwa th na dh, ambazo ulimi huja mbele ukagusa meno. Ina irabu nyingi kuliko tano zetu, zikiwa kwenye koo mbili: za shina la ulimi lililosogea mbele na za shina lililorudi nyuma, na kwa kawaida neno moja hufuata ukoo mmoja. Ndiyo maana Kiswahili cha Mjaluo hata kisipokosea herufi moja husikika kikitoka mahali pengine pa kifua. Juu ya hayo yote kuna mawimbi ya sauti, kupanda na kushuka, maana ni lugha ya toni.

Hakuna binadamu awezaye kuyafanya haya yote kwa kuyahesabu huku akimfokea mke, akitafuta kofia na kungoja watu wacheke. Walimu wa sauti wana njia yao ya kulieleza jambo hili: kila lugha ina mkao wa kinywa, mahali midomo, taya na ulimi hupumzika mtu anaponyamaza. Ukiupata mkao, sauti nyingi hujileta zenyewe. Ukiukosa, utashika herufi moja moja kama mtu anayekamata kuku uwanjani. Ndiyo maana siku hizi nikipata kipande cha zamani cha Vitimbi, namtazama Ojwang' zaidi akiwa hasemi. Kofia na miwani hunichekesha kama zamani, lakini jicho langu liko kwenye midomo. Mama Kayai anapozungumza, yeye anangoja, na kinywa chake kinangoja Kijaluo.

Nilijaribu mimi mwenyewe, mara moja. Nilikuwa kidato cha tatu, shule yetu inaenda kwenye mashindano ya drama, nami nikapewa uvuvi: mvuvi wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, aliyeibiwa nyavu. Nilijiandaa kwa bidii ya kijinga. Kila sh niliigeuza s, kila z s, kila v f, bila kuacha hata moja, nikapaza sauti kila mwisho wa sentensi, nikaongeza kutembea kifua mbele kwa sababu niliamini Wajaluo hutembea hivyo. Watu wangu wa Mombasa walicheka mpaka machozi. Kule mashindanoni, mwamuzi mmoja, Mjaluo, alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akauliza kwa upole kabisa mvuvi yule alikuwa ametoka upande gani wa Ujaluo, maana yeye alikuwa amezunguka kote na hakumbuki kumkuta.

Iliniuma miaka. Baadaye ndipo nikaona nilichokuwa nimefanya: nilikuwa nimekusanya makosa. Na lafudhi si makosa. Ni sheria, ila ni sheria za nyumba nyingine.

Mfano mzuri ni wa jirani zetu Waganda. Kila mchekeshaji wa Nairobi anayetaka kuwa Mganda kwa dakika mbili hurusha r na l ovyo, kama mtu anayerusha mchele harusini. Kumbe Luganda ina kanuni hapo, tena kanuni safi: baada ya e na i huja r, kwingineko huja l. Basi. Mganda anapoibeba desturi hiyo kwenye Kiingereza au Kiswahili, hachanganyi chochote, anafuata nyumba yake. Anayechanganya ni yule anayemwigiza. Filamu ya Queen of Katwe ya Mira Nair ilipotoka mwaka 2016, Lupita Nyong'o, binti wa Kijaluo kutoka Kenya, alikuwa Nakku Harriet, mama mjane wa Katwe, Kampala, na David Oyelowo, Mwingereza wa wazazi wa Kinaijeria, alikuwa mwalimu wa sataranji, Robert Katende. Kwa msikilizaji wa Marekani, Mkenya na Mganda ni "Kiafrika" tu, na mtu mvivu angejificha humo. Lakini sinema za Kampala zipo, na waliolipa tikiti humo wana masikio. Nyong'o namsifu kwa kitu kimoja kidogo katika filamu ile: Kiingereza chake ni cha mwanamke asiyekipenda, aliyekiokota sokoni kwa haja ya kuuza mahindi. Kile si Kiingereza cha Nyong'o hata kwa mbali, na uzito wa mtu maskini anayepima kila neno kabla ya kulitoa ni sehemu ya lafudhi kama zilivyo r na l.

Kuna kipimo kingine, nacho ndicho ninachokiamini zaidi. Mwache mwigizaji akasirike. Hasira, kilio, kicheko cha ghafla, kunong'ona usiku: hayo ndiyo huirudisha lugha ya mama mlangoni. Mtu aliyeishi Ulaya miaka arobaini akikanyaga msumari hupiga kelele kwa lugha ya bibi yake. Kwa hiyo mwigizaji wa wastani hushika lafudhi ya kuazima vizuri sana anapozungumza polepole, kisha inapofika ile sehemu ya ugomvi, anajikuta uchi. Sasa kumbuka kazi ya Ojwang' ilikuwa nini. Alikuwa mtu wa kupandisha hasira. Kazi yake kipindi kizima ilikuwa kuchukizwa, kudanganywa, kushtuka, kulipuka. Wengine hupelekwa kwenye tanuri mara moja kwa filamu. Yeye alihamia humo.

Kwa upande mwingine kabisa wa ufundi huu kuna Meryl Streep, na nitamtaja kwa sababu alikuja kuufanyia hapahapa kwetu. Out of Africa ilipigwa Kenya na kutoka mwaka 1985, Sydney Pollack akiwa mwongozaji. Streep alikuwa Karen Blixen, Mdenmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong kati ya 1914 na 1931. Miaka mitatu nyuma, kwenye Sophie's Choice, alikuwa amejifunza Kipolandi ili Kiingereza chake kivunjike mahali pa haki. Kwa Blixen alitafuta rekodi za mwanamke mwenyewe akisoma maandishi yake, akazisikiliza. Ndiyo maana lafudhi ile si ya Kidenmaki cha jumla. Ni ya mwanamke mmoja, wa tabaka lake na wa zama zake, mwenye kuburuta maneno kama anayeburuta kanzu ndefu kwenye sakafu iliyopigwa deki. Watu wengine iliwakera. Mimi nadhani iliwakera kwa sababu ilikuwa kweli: mtu halisi kwa kawaida huwa na lafudhi ngeni kidogo kuliko tunavyotarajia.

Kando yake alisimama Robert Redford akiwa Denys Finch Hatton, mtoto wa lodi, aliyesoma Eton na Oxford, akizungumza Kimarekani kitupu. Redford alitaka kujaribu Kiingereza cha Uingereza. Pollack akaona kitawashughulisha watazamaji, akamwambia aache. Kwa masikio yetu ni kama kumchukua sharifu wa Lamu ukamzungumzisha Sheng, kisha ukataka watu wamwone ni sharifu. Uamuzi ule una hoja yake, siukatai: uso wa Redford ulikuwa maarufu mno, na lafudhi juu ya uso maarufu huonekana kama kofia ya kuazima. Lakini kila wanapokaa pamoja kwenye zulia lile la porini, namwona mmoja amefanya kazi na mwingine amekuja matembezi.

Anayesahaulika ni wa tatu. Farah, Msomali aliyekuwa mkono wa kulia wa Blixen, aliigizwa na Malick Bowens, mtu wa Mali. Hebu pima umbali huo: kutoka nchi ya Kibambara na Kifaransa, kuvuka bara zima, mpaka kwa Msomali anayezungumza Kiingereza na Mdenmaki katika nchi ya Wakikuyu. Anasema kidogo, kwa utulivu, na kila neno limepigwa pasi. Filamu ile ilipata tuzo saba za Oscar, hata moja haikwenda kwa mwigizaji.

Forest Whitaker alipata yake, mwaka 2007, kwa Idi Amin wa The Last King of Scotland. Alijifunza Kiswahili kwa kazi ile, na hilo lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, kwa maana Kiingereza cha Amin kilikuwa cha askari wa King's African Rifles, kilichopitia kambini, na kambini lugha ilikuwa Kiswahili. Ukitaka kujua mtu anavunja wapi lugha ya pili, anza na ile iliyotangulia.

Sasa niseme la moyoni, maana na sisi wa Pwani tuna dai letu. Kila ninapofungua runinga nikaona mtu wa bara anamwigiza mtu wa Mombasa au Mpemba, najua kitakachokuja. Atavaa kikoi na kofia. Atavuta maneno kama anayevuta ndoo kisimani. Atasema "yakhe" kila baada ya neno la tatu, pamoja na "ati". Atakuwa amelala, au ndio kwanza anaamka. Yakhe tunayo, ni kweli. Lakini tunaitumia kama ndimu: tone moja, tena mahali pake. Na sisi si wa polepole. Nenda kasimame Mji wa Kale wakati wa ugomvi wa maji ya kisima uone kasi ya ulimi ilivyo. Kinachotutambulisha hasa kipo mahali wasipoangalia. Kimvita kina t mbili, ya menoni na ya ufizini, ambazo mtu wa bara husikia moja. Kina pumzi inayopulizwa baada ya baadhi ya konsonanti, na ukiipuliza pasipostahili umesema neno jingine. Mtu akizipata hizo t mbili, hata asiseme "yakhe" siku nzima, nitageuka nimtafute kwao ni mtaa gani.

Ilinichukua miaka kuona kichekesho kilichomo: nilipokuwa mvuvi wa Dunga, ulimi wangu tayari ulikuwa na mlango ambao Wajaluo wanautumia, ule wa kutenga meno na ufizi. Kitu pekee nilichozaliwa nacho ambacho kingenisaidia, sikukigusa. Nilikuwa kwenye s zangu.

Kuna wakati jambo hili lote liliacha kuwa mchezo. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, palikuwa na barabara za Kenya ambapo mtu aliulizwa swali, na jibu lilipimwa kwa ulimi kabla ya maana. Wasomaji wa Biblia walikumbuka kitabu cha Waamuzi: Wagileadi kwenye vivuko vya Yordani, wakiwalazimisha watu kusema "shibolethi", na Waefraimu, wasioweza kutoa sh, wakisema "sibolethi", wakiuawa palepale. Sauti ni ileile. Sh ikigeuka s. Sauti iliyotuchekesha sebuleni miaka ishirini. Na katika mwaka huo ambao Mkikuyu na Mjaluo waliwekwa pande mbili za moto, Mjaluo mpendwa wa runinga ya taifa alikuwa Mkikuyu, na ulimi wake ungeweza kupita kivuko chochote. Sijui la kufanya na fikira hiyo. Naiacha hapo nilipoikuta.

Nataka kusema tu kwa nini Wajaluo niliowauliza hawakumwonea kinyongo. Mchekeshaji anayeigiza kabila huwa amesimama nje ya nyumba anaonyesha kidole dirishani: tazama wanavyosema. Wanjau alikuwa ndani. Ojwang' hakuchekesha kwa sababu ni Mjaluo. Alichekesha kwa sababu ni mume mbishi, mwenye makuu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kubembelezeka, ambaye lugha yake ilikuwa hiyo kwa kuwa lazima mtu awe na lugha. Ukimwondolea lafudhi, bado kuna mtu amebaki amekaa kitini. Mvuvi wangu mimi, ukimwondolea s zake, palikuwa hapana mtu.

Wanjau alizaliwa mwaka 1937, akafa na miaka 78. Baada ya mazishi niliamua, kwa ukaidi wa uzeeni, kujaribu tena. Sina jukwaa. Nina soko la Kongowea, na Kongowea kuna mama muuza omena ambaye nimekuwa nikinunua kwake tangu wajukuu wangu hawajazaliwa. Nikamweleza nia yangu. Akacheka, akasema niseme. Nikasema, "Mama, omena ni silingi ngapi?"

"Hapana," akasema, akipangusa mikono. "Hiyo umeenda kuitafuta. Imekuja imechoka."

Nikarudia. Hapana tena. Wiki iliyofuata, hapana. Akanieleza, huku akipima gorogoro ya mtu mwingine, kwamba hata yeye hasemi "silingi" siku zote. Akiwa na wateja wa ofisini husema shilingi, tena vizuri. Akichoka, s. Akiwa na dada zake wa Homa Bay, s toka asubuhi, kwa raha tu, kama kuvua viatu. "Wewe unasema s kila mahali," akasema. "Hakuna mtu anaishi hivyo, nyathina."

Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyepewa chenji zaidi. Mambo ya shina la ulimi nilikuwa nimeyasoma. Hili la kuvua viatu sikuwa nimelisoma popote.

Basi juzi nikaenda nimejipanga. Sikubeba s hata moja. Nilikaa kwanza kimya mbele ya meza yake, nikaushusha utaya, nikaurudisha ulimi nyuma kidogo, nikangoja mpaka kinywa kikae. Kisha nikauliza bei, taratibu, nikiiacha sauti ipande panapopanda yake. Sokoni palikuwa na kelele, mama mwingine anamwagia samaki barafu. Yule mama akainua kichwa, akanitazama kwa muda kidogo, na usoni hakuonyesha lolote. Halafu akanijibu, t zote mbili zikiwa mahali pake, pumzi mahali pake, yakhe moja tu tena ya mwisho, kwa Kimvita ambacho mamangu angekiitikia akiwa jikoni bila kutoka kutazama ni nani aliyebisha:

"Mia moja, na sikupunguzii. Wataka, hutaki? N'ambia upesi, wat'u wan'ngoja, yakhe."